Jangwa la Vidole Viwili

Karakana ya Mabango,
Nyuma ya Soko.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa Kaka Twiga,

Shikamoo. Ndiyo, nimekuamkia kwa hiari yangu, shangaa kisha uendelee kusoma. U hali gani? Kifua kimetulia? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo, na mimi nazidi kuwa mzuri wa sura, jambo linalowasumbua majirani.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haipatikani tangu ufike huko ukingoni mwa jangwa. Wakala aliyekusafirisha anasema simu za abiria hukusanywa “kwa usalama”. Barua hii anakuletea dereva wa lori la saruji, ambaye mwisho wa safari yake ni mji huo uliko. Nilimuuliza kwa nini haendi mbele zaidi. Akapandisha kioo.

Sasa sikiliza, na usiniambie niliacha shule darasa la sita. Jiografia nani alikuwa ananifikia? Bara hili naliimba hata usingizini: misitu katikati, maziwa mashariki, nyanda za nyasi, kusini kwenye baridi, na kaskazini jangwa, ambalo peke yake linakaribia theluthi ya bara zima.

Ile ramani ya ukutani ofisini kwa wakala tuliichora mimi na fundi wangu. Tulipofika kaskazini wakala akasema, “Jangwa libaneni hapo juu ya mlango. Nani atapanda gari akiliona lote?” Nikamwambia, “Bosi, hili jangwa au mahali pa kuku kuoga mchanga?” Fundi akanikanyaga mguu. Kazi yetu ndivyo ilivyo: mteja akitaka simba mwenye masharubu ya paka, anapata.

Juzi mama kaniambia siku ya kuondoka uliipima safari ya kuvuka jangwa pale ukutani, ukasema, “Vidole viwili tu, mama. Jioni tumefika.” Kaka! Kijiko kilinidondoka. Kumbe shuleni ulikuwa unasindikiza wenzako!

Ofisini pale lipo benchi la ndugu wa waliotangulia, wanaosubiri simu. Siku hizi mabenchi ni matatu, na hapigiwi mtu. Wakala hupita akisema, “Ni mtandao tu, wazazi wangu.” Jana mama naye kaenda kukaa.

Nikashindwa kuvumilia. Leo mchana wakala alipotoka kula, niliingia na kopo la rangi ya njano, nikalirudishia jangwa ukubwa wake. Likashuka pande zote za mlango, likapita swichi ya taa, likafika dirishani. Nilikuwa napiga mluzi; ukaisha wenyewe. Watu wa mabenchi wakasimama mmoja mmoja. Bibi mmoja tu akauliza, “Na maji yako wapi, mwanangu?”

Sikuwa na mahali pa kuyachora.

Wakala ananitafuta. Fundi kanificha stoo, nakuandikia nimekalia makopo. Hayo niachie mimi, mbio nilizaliwa nazo. Wewe usipande gari lile la kuvuka jangwa. Hata likiwa limeshawashwa, hata wakikuita mwoga, shuka. Dereva kakubali kukurudisha. Mtafute wanaposhusha saruji. Akikukosa, mwenzio sijui nitamwambia nini mama.

Anakusalimu mama, na shangazi wa cherehani, na dada na pacha wake. Mchumba wako hasalimu, kanuna.

Mungu akuweke upande huu wa mchanga.

Wako akupendaye, hata ukirudi mikono mitupu,
Mdogo wako,
Brashi