Nilitangaza Maombi Kanisani, Kumbe Nataka Tusikize Kaseti za Mzee

Mpendwa mshauri Lenah,

Naomba msaada wako, na tafadhali usikawie, kwa sababu siku zimebaki kumi na mbili na mambo yamenitoka mkononi. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, nakaa karibu na Ndanai, tuna chai kidogo na ng'ombe watatu, na bwana yangu Kipngeno alifanya kazi kwa mashine za kiwanda cha majani chai upande wa Kericho miaka ishirini na sita mpaka akastaafu.

Huyu mzee anapenda muziki kuliko chakula. Ana kaseti mia moja na kitu ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, za gitaa za Kikalenjin na rumba za Zaire, alizinunua wakiwa vijana na rafiki yake Nyakundi, Mkisii aliyekuwa naye zamu moja kiwandani, na mkanda ukilegea anaukaza na biro, na wimbo ukifika mahali gitaa la pili linaingia lazima anyooshe kidole aseme, "Hapo! Umeskia hapo?" na mimi nimeskia hapo miaka ishirini na nane na bado sijui anamaanisha nini, lakini nafurahi kumwona.

Sasa mwezi wa Aprili niliita marafiki zake waje nyumbani tusikize kaseti pamoja kama walivyofanya zamani, watu wachache tu, lakini dada yake Rodah akapata habari, akafika saa moja asubuhi na wamama wanne, akasema mgeni haitwi kwa boma la kaka yake apewe chai na maneno matupu, basi mbuzi akachinjwa, ugali ukasongwa, chapati, mboga, maziwa ya mursik kibuyu baada ya kibuyu, na mimi nikashinda jikoni na moshi machoni nisisikie hata wimbo mmoja. Wanaume walikula wakibishana juu ya siasa na bei ya maziwa, mzee akaongeza sauti ya redio, mtu mmoja akaipunguza ati hawaskizani. Kipngeno akainuka akaenda kwa ng'ombe, na haikuwa saa ya kukamua. Nilipomfuata aliniambia bila kunitazama, "Mama Molly, mimi nilikuwa nasikia vijiko tu."

Hapo ndipo nilijua. Nilikuwa naona anaongeza sauti kila siku nikadhani ni furaha ya kustaafu. Juni tukaenda hospitali, daktari akampima, akasema masikio yamechoka na zile kelele za miaka mingi na yataendelea kupungua, akamwambia avae kifaa cha kusikia, yeye akakataa kabisa, "Mimi si redio ya kuwekwa betri." Akaniapisha nisiambie mtu, hata binti yetu Molly. Kwa hivyo watu wanamsalimia sokoni hajibu, wanasema siku hizi Kipngeno ana madharau, na mimi nanyamaza tu na moyo unaniuma.

Mshauri, nataka asikize hizo kaseti na wenzake vizuri hata mara moja kabla hazijamtoka kabisa. Lakini nikajiuliza watu wa huku hunyamaza lini? Nikaona wananyamaza kwa maombi peke yake. Basi Jumapili iliyopita, Mungu anisamehe, wakati wa matangazo nilisimama nikasema kutakuwa na maombi kwetu nyumbani, nikijua wakishaketi kimya nitaweka kaseti. Sasa kumeundwa kamati. Kuna mwenyekiti! Hema la watu mia limetafutwa, Rodah anasema safari hii ni mbuzi wawili, pasta ananiuliza ni maombi ya nini nikasema ya shukrani, majirani wanasema Molly amepata mchumba, na mzee mwenyewe amepeleka suti yake kupigwa pasi akijua ni maombi. Nimejaribu kumwambia Rodah tuwape watu viazi vitamu na mayai tu, akaniuliza kama nataka kuaibisha ukoo wao. Nifanye nini? Nikisema ukweli navunja kiapo, nikinyamaza nitamfanya mzee aketi tena akisikiza vijiko.

Mama Molly, Ndanai

* * *

Mama Molly, pole sana. Barua yako niliisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka na hiyo kamati, ya pili nikafika kwa vijiko nikaiweka chini. Una moyo mzuri. Lakini kaa vizuri nikugombeze, maana umefanya makosa na unayajua.

Haiya! Kusimama mbele ya kanisa ukatangaza maombi ambayo hayapo? Mama mzima! Nenda kwa pasta kesho, si keshokutwa, umwambie ulidanganya. Atakemea kidogo, kisha atatabasamu, ameshasikia makubwa kuliko hayo. Mwombe atangaze Jumapili kwamba mkutano umeahirishwa, na kamati ivunjwe kwa heshima. Mwenyekiti atapata kamati nyingine kabla ya jioni, huyo usimhurumie.

Lakini kabla ya pasta kuna mtu mwingine, na huyo ndiye unayemkwepa. Umepanga kila kitu juu ya masikio ya Kipngeno bila kumuuliza Kipngeno. Mwanamume anapeleka suti kupigwa pasi kwa ajili ya sherehe asiyoijua! Huo si msaada, hata kama umetoka kwa mapenzi. Yeye ndiye wa kusema kama anataka watu waje, nani aje, na waambiwe nini. Akikataa, kubali, mketi nyinyi wawili na sanduku lenu. Lakini sidhani atakataa. Mtu anayenyoosha kidole kusema "hapo" anataka mwenzake wa kusikia naye, na wewe umekiri mwenyewe kwamba hapo hupaoni. Nyakundi anapaona.

Tena mwambie wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa kuficha masikio amepata jina la mwenye madharau, na hilo jina ni zito kuliko kifaa chochote. Miwani ya kusoma Biblia anavaa? Nina hakika anavaa. Basi betri imemkosea nini? Mrudi hospitali mkaulize tena kuhusu hicho kifaa, ajaribu kwanza ndipo akatae.

Sasa Rodah. Umemwandika kama adui, na mimi naona dada anayempenda kaka yake kwa njia anayoijua, yaani sufuria. Hajui kinachoendelea! Mzee akikubali, aambiwe yeye wa kwanza, na nakuhakikishia huo moto atauzima kwa mikono yake mwenyewe. Mwombe alete mursik, kibuyu kimoja kizuri, hapo hakuna atakayesema ukoo umeaibika. Halafu mpe kazi ya kunyamazisha watu. Kwa jinsi ulivyomwelezea, hiyo kazi anaiweza.

Hema sahau. Sauti inapotea humo. Ita watu wanane, wasizidi, sebuleni, na uwaite saa nne asubuhi, kwa sababu nyinyi wa huko mnajua vizuri mvua ikianza alasiri juu ya mabati hata mwenye masikio mazima hasikii kitu. Chakula kiwe cha mkono. Viazi vitamu na nduma zichemshwe mapema, mayai yawe yameshamenywa, njugu karanga kidogo, chai iwe tayari kwa chupa. Mtu aulize ugali uko wapi, mwambie uko kwake. Wageni wale kwanza, wanawe mikono, vyombo vitoke, mlango wa jikoni ufungwe, na hakuna mwanamke atakayebaki upande ule mwingine. Hata wewe. Hasa wewe! Aprili uliita watu kusikiza muziki ukasikiza sufuria, usirudie ujinga huo.

Kaseti zichaguliwe na mzee mwenyewe, nne au tano zinatosha. Redio iwekwe juu ya meza ya mbao karibu naye, aweke mkono juu ya meza akitaka, muziki hupita hata kwa mbao. Wimbo ukicheza, kimya. Wimbo ukiisha, mmoja mmoja azungumze, akimwangalia usoni. Asiyeweza kunyamaza dakika tano apewe nduma akale uani na kuku.

Je, ni aibu kuwapa wageni viazi na mayai? Wapi! Aibu ni kumkalisha mtu kwake mwenyewe, kati ya marafiki zake, akiwa peke yake. Hiyo mmeshaifanya mara moja na mbuzi mzima. Mtu aliyeshiba ugali atasahau kufikia Jumatatu, lakini aliyeketi na rafiki yake akasikiza vizuri atarudi mwezi ujao, tena bila kualikwa, na mzee wako atakuwa na wa kumsalimia sokoni kwa kumgusa bega.

Kuhusu kiapo, usimwambie mtu yeyote kabla yake, ndiyo, hata pasta mwambie tu kwamba ulidanganya. Lakini mwombe Kipngeno akufungue. Mwambie mzigo umekulemea, na ulie mbele yake kama kilio kipo.

Jambo la mwisho. Umeniandikia mengi juu ya gitaa la pili, Mama Molly, na hukuandika hata neno moja juu ya sauti yako mwenyewe. Hiyo pia inamtoka, pamoja na zile kaseti. Kwa hivyo acha kuniandikia mimi. Zima redio leo, keti karibu naye, umwambie yote haya kwa kinywa chako. Bado anakusikia.