Kisanduku cha Spana

Likasi, Jumanne, 1993

Spana namba kumi na tatu nimeipata hatimaye, kwa fundi mmoja wa mtaa wa Panda. Sasa kisanduku cha kutengenezea kombi letu kuukuu kimekamilika: spana, bisibisi, jeki, waya, mkanda wa akiba. Nilikisukuma chini ya kitanda.

Mke wangu akacheka. "Baba Ilunga, siku batatufukuza tena, weye utatengeneza kombi na meno? Kiweke mule ndani ya kombi!"

Hajakosea. Wenzetu wa mtaa huu, wenye asili ya mkoa mwingine kama sisi, wenyeji walipowafukuza walikimbilia stesheni wakaacha hata masufuria jikoni.

Nilimjibu kwamba ndani ya gari kitaibwa. Ni kweli, lakini sicho ninachoogopa.

Nimekiacha palepale. Nikikipakia, nyumba hii itakuwa ya mtu mwingine tangu leo.