Suruali ya Koplo Vensan

Mjukuu wangu Hadija,

Huku Nyamirambo tunakusalimu sote. Goti la bibi yako limepoa, na mimi bado hakuna fundi Kigali nzima anayeniweza.

Umeuliza kama kweli niliongoza maandamano ya mwaka 1992, ya kupinga wakubwa waliokula mali ya umma. Nilikudanganya, mjukuu wangu.

Aliyethubutu ni jirani yangu, Koplo Vensan. Maofisa wake waliuza chakula cha askari, akachoka kunyamaza. Aliniomba nimshonee suruali ya kiraia ili aandamane bila kutambuliwa. Nikajigamba, "Vensan, mimi nitatembea mbele yako!"

Asubuhi ile niliona magari ya jeshi, nikajifungia dukani. Akaja, akagonga.

"Fundi, najua uko ndani. Usije, basi. Nipe suruali tu!"

Sikufungua, suruali iko mapajani. Akaenda amevaa magwanda yake ya jeshi. Walimkamata kabla hajafika mjini, na hakurudi.

Suruali ninayo mpaka leo. Chini ya mlango ule wa duka kuna nafasi ya vidole vinne. Suruali ingepita.

Babu yako mdogo,
Fundi Shabani