Kucha za harusi

Kakuma, Jumanne

Kucha hizi za bandia nilizibandika kwa harusi ya dada yangu, Lodwar. Nilipaswa kuzitoa Jumapili, kabla ya kurudi kazini. Nilizipenda, basi.

Leo katika wodi ya uzazi nimemfokea mama mmoja aliyekuja kujifungua kutoka Lopur: "Vua hizo shanga, hapa tunataka usafi!" Akavua mbele ya mama mkwe wake, na kwao mke wa mtu hakai shingo tupu. Alipojifungua, nikimpangusa mtoto, ukucha wangu ukatoboa glavu, ukamkwaruza shavuni.

Nikamwomba mama yake msamaha. Akautazama mkono wangu. "Ejok, ni sawa, sista. Hakuna neno."

Afadhali angenitukana.

Kucha nimezikata zote. Ndipo nikakumbuka shanga. Nilizifungia kabatini, na ufunguo ninao hapa nyumbani. Mama wa watu amelala shingo tupu.