Pai Tatu za Bi Hatcher

Kaka Merle,

Hapa Montana theluji bado. Kila jioni nalenga shabaha uani kwa bunduki, najiandaa na msimu wa kulungu. Jirani yangu Bi Hatcher ameshaniletea pai tatu. Nilisahau kwamba huku kwetu mtu akikerwa huoka badala ya kulalamika. Nilipomuuliza, akasema, "Mwenzangu, ukifyatua tu, mwanangu Curtis anaingia chini ya meza. Tangu arudi kutoka vitani."

Nikapanga matairi tisa kama bomba, nikajaza nyasi kavu ndani ya kingo zake, nikawa nafyatua kupitia tundu la katikati. Mlio ukapungua. Jana Curtis akaja. "Shangazi, sasa afadhali," akasema, lakini hakuachia ukingo wa meza.

Nitumie upinde wa baba. Bega langu bovu, ila nitajifunza. Meza ya Bi Hatcher ni ya kulia chakula, si ya kujifichia.

Dada yako,
Loretta