Ua wa Moyo

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kasema mjukuu wangu ana tundu kwenye septamu ya moyo. Ana miezi minane; akinyonya jasho linamtoka kama mbeba mizigo. Apasuliwe wiki ijayo. Mama yake atie saini kabla ya Ijumaa saa sita mchana, ama nafasi apewe mtoto mwingine. Fomu imeandikwa kwa lugha ya wenyeji, na binti yangu anayo ile ya sokoni tu. Nitafasiri mimi.

Jumanne, 4 Machi
Kamusi: septamu, ukuta mwembamba unaotenga vyumba viwili mwilini. Ipo puani, ipo moyoni. Asili yake Kilatini, saeptum—ua! Ua wa miti, wa kufungia mifugo. Nilikaa na kitabu magotini. Miaka thelathini na minane tangu waliotufukuza kwetu waufyeke wetu, asubuhi moja.
Nimemchorea binti yangu moyo, mshale kwenye tundu, na neno lenyewe kwa herufi kubwa. Nimeuacha mezani.

Jumatano, 5 Machi
Kauona kabla sijaamka. Moyo, mshale, UA. Kasoma amri.
"Baba, nani kakutuma uandike hivi juu ya mwanangu?"
Nikaeleza: ua wa nyumba, wingi wake nyua. Akasema yeye kazaliwa hemani, ua wa nyumba haujui. Anajua ua la kunusa na ua ya kutoa roho. Kachana karatasi. Hasaini. Jirani, fundi cherehani, kaongeza chumvi: kalamu ya msomi huyu itatuletea sanda.


Alhamisi, 6 Machi
Nimesema kiambaza. Nimegonga ubao unaotenga kitanda chake na changu: kama hiki, kina tundu. Mtoto kaacha titi mara nne.

Ijumaa, 7 Machi
Korido ya hospitali, saa tano na robo. Kuja kakubali, kusaini bado.
"Nisomee yote, baba. Neno kwa neno. Usinifundishe kitu."
Nikasoma, polepole. Kwenye mstari wa saba mtoto kachafua nepi, mama yake kaenda kumbadilisha.
Wa nane unasema wapo watoto wasioamka. Idadi imetajwa.
Naweza kuuruka. Hatajua—leo. Maisha yangu yote nimewadharau wafasiri wanaoruka.
Saa tano na nusu. Nasikia ndala zake zikirudi. Kidole changu kiko juu ya mstari, na sijui kama nauonyesha au naufunika.