Kofia ya Dada Pilipili

Arielle, acha kazi, soma! Nimejifungia chooni nacheka mpaka machozi.

Ile tovuti ya blogu ya mapishi ya mume wangu Norbert imebadilisha mipangilio leo. Majina ya bandia kwisha. Kila mtu sasa anaonekana kwa jina lake halisi na picha yake!

Unamkumbuka Dada Pilipili, yule msomaji anayemtania kila wiki? Aliyemwandikia kuhusu kisamvu chake, "Sombe hii hata mbuzi angeisusa"? Norbert alikuwa anamfurahia kweli! Alimjibu, "Njoo kwangu Hallunda nikulishe kwa mkono wangu, mrembo."

Kwa mkono wake, Arielle!

Basi asubuhi kafungua ukurasa, kakuta kwenye komenti za Dada Pilipili picha ya mtu na kofia ya kanisani. Mama yangu! Mama yangu mzazi! Mama mkwe wake, ambaye tangu tuoane hajatafuna hata karanga mbele yake, kwa heshima ya ukwe!

Norbert akakaa sakafuni. "Nimemwita mama mkwe mrembo." Akashika kichwa. "Mrembo, Aurore. Mbele ya watu." Na yeye pia alikuwa akiandika kwa jina la bandia, sasa jina lake halisi liko pale juu, kwa hiyo mama naye ameshajua. Akaapa kwamba tunahama mji, tunaenda Södertälje.

Mara simu ikalia, komenti mpya. Hakuthubutu kutazama, akanipa mimi nisome.

Jina la mama, kofia ileile:

"Mkwe wangu mheshimiwa, huyo Dada Pilipili mimi simfahamu kabisa. Ila amenituma nikuambie chumvi imezidi."